Filimbi ya Injini ya Saba

Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, imekazwa juu ya boila karibu na mahali pa kusimama dereva, na nilipoiona moyo wangu uliruka kwa furaha. Sisemi furaha njema. Ilikuwa furaha ya mtu aliyemvizia jirani yake miaka miwili, na leo amemkuta na kuku wake kwapani.

Nilitoa lenzi yangu ya kazi, ile ninayoibana jichoni kutwa nzima dukani nikitengeneza saa, nikainama tena juu ya meza ya baba. Sikuwa nimekosea. Filimbi ya shaba, mdomo wake umechongwa kwa ustadi hata nikauonea gere ule mdomo, na kando yake mkono mdogo wa kuivutia. Wifi yangu alikuwa ameitengeneza na kuikaza kwenye injini ya saba ya baba yangu, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na filimbi hata kwa dawa.

Nikasikia hatua zake zikitoka jikoni. Nikaivua lenzi haraka na kuitia mfukoni.

"Wifi, umeshaiona?" aliuliza, akifuta mikono kwa kanga.

"Kwa mbali tu," nikasema kwa sauti tamu ambayo mimi mwenyewe sikuitambua. "Umejitahidi."

Alinitazama kama mtu mwenye neno mdomoni, kisha akautupia jicho mlango wa chumba alikolala baba. "Tunawasha Jumamosi ijayo," akasema. "Utakuja?"

"Nisipokuja mimi, nani atakagua?"

Niliondoka nikitembea kwa maringo barabara nzima. Kwa siku nane zilizofuata nililala usingizi mzuri.

Ili mtu aelewe kwa nini filimbi moja inaweza kumpa mwanamke wa miaka arobaini na sita usingizi wa namna hiyo, inabidi nimweleze baba. Alikuwa fundi wa boila katika karakana ya reli kwa miaka thelathini na minne. Injini za mvuke zilipokatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, wenzake walijifunza dizeli. Yeye alijifunza kwa sababu mshahara ni mshahara, lakini moyo wake haukuwamo. Nyumbani alikigeuza chumba cha nyuma kuwa karakana yake: jiriwa ya kubania vyuma, kerezo dogo la mkono la kuvichongea, tupa za kila unene zikining'inia ukutani kwa mpangilio. Humo akaanza kujenga vitreni.

Wapo wanaokusanya vitreni vya dukani, vyenye umeme na rangi za kumeremeta. Baba aliviita vya kuchezea paka. Yeye alitaka injini zile za mwanzo kabisa, za wakati ambapo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba jambo lenyewe litawezekana: boila kama pipa lililolazwa na kuvikwa mbao, dohani ndefu isiyo na haya, maji yakibebwa nyuma kwenye pipa la kweli, na dereva amesimama nje bila paa, mvua yote yake. Michoro aliikusanya kokote alikoipata, kurasa za vitabu vilivyochanika, kadi za posta, nakala alizoombewa maktaba. Kila injini ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu toka kiwiko hadi kidole, ikichemshwa kwa taa ya spiriti, ikizunguka kwenye reli zilizotandazwa juu ya meza mbili.

Na alikuwa na mpaka wake. Tunajenga, alisema, zile za kabla ya filimbi. Injini za awali kabisa hazikuwa nayo. Mtu alipuliza baragumu, au watu walikimbia wenyewe walipoona moto unakuja. "Injini ikishajifunza kupiga kelele," alikuwa akisema, "imeshakuwa ya kisasa. Haituhusu." Rafiki yake mmoja, tuliyemwita Dereva kwa kuwa aliendesha treni miaka ishirini na mitano, aliwahi kuleta injini aliyoijenga mwenyewe, ya wakati uleule, akiwa ameipachika filimbi kwa mapenzi tu. Baba aliifungua skrubu baada ya skrubu mbele ya macho yake, huku Dereva akinywa chai na kumtukana.

Hakumwonea. Ndiyo ilikuwa desturi ya karakana yao: injini haitoki mpaka mafundi wawili ambao hawakuijenga wameitafuta kosa, na kosa likipatikana, aliyeijenga anaifungua bila kununa. Baba aliihamishia desturi hiyo nyumbani. Siku ya kuwasha walikuja wakaguzi wawili, Dereva na Ribiti, bwana mfupi mnene aliyelipata jina kwa kugonga ribiti, zile pini za kuunga mabamba ya chuma, nusu ya maisha yake na kupoteza masikio kwa kazi hiyohiyo. Mkaguzi wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa nilipogundua kwamba pipa la maji la injini ya kwanza lilikuwa na pete sita, na mchoro ulionyesha tano. Wazee wawili walikuwa wameshapitisha. Baba aliihesabu mara tatu, akacheka mpaka akakaa chini, akaifungua. Tangu siku hiyo sikuitwa tena kwa jina langu katika chumba kile. Nikawa Jicho. "Jicho, kagua," alisema, na hakuna aliyegusa kiberiti mpaka nitamke, "Iwashwe."

Kiti changu kilikuwa dirishani. Baba alikikata miguu ili nilingane na meza, na kila nilipokua akaunga kipande cha mbao kwenye kila mguu. Ukikigeuza unaweza kuhesabu vipande vinne vinne, kila kimoja cha rangi yake. Injini tano tulizijenga hivyo, yeye kwenye jiriwa, mimi dirishani, na ufundi wangu wa saa ulitokana na kiti hicho.

Kisha mdogo wangu akaoa.

Mdogo wangu ni mpima ardhi, mtu wa kuondoka na mahema na kurudi baada ya wiki tatu akiwa na vumbi masikioni. Yeye alimwacha mkewe kwa baba ili mzee asikae peke yake. Wote tulisema ni jambo la busara, na mimi nililisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mke mwenyewe ni fundi wa meno ya bandia. Mwezi wa kwanza alimwona baba akihangaika na kipande kidogo cha kuunganishia pistoni, mkono unatetemeka, tupa inateleza. Akachukua nta, akakichonga kile kipande kama anavyochonga gego, akakizika kwenye plasta, akaiyeyusha nta, akamimina shaba. Kwa saa mbili kipande kikatoka kisafi kama kilichozaliwa hivyo. Mimi kipande kama kile hunichukua jioni tatu na malengelenge mawili.

Baba alipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, maana nilikuwa nimesimama palepale na mikono ilikuwa mitupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji nilikuwa mimi, na sikupona.

Wivu wa mapenzi watu wanauelewa. Ukiusimulia unapewa pole na kikombe cha chai. Lakini nenda kamwambie mtu kwamba roho inakuuma kwa sababu wifi yako amemtengenezea baba yako pistoni. Sikumwambia mtu. Nilipunguza tu safari. Toka kila jioni nikaja mara mbili kwa wiki, toka mara mbili nikaja Jumapili tu, na Jumapili yenyewe nilisimama mlangoni na mkoba begani, nikisubiri baba aniambie, "Mbona husogei? Kaa kitini kwako." Hakuniambia. Injini ya sita waliimaliza wao wawili. Siku ya kuiwasha niliikagua kwa saa nzima nikitafuta hata ukucha wa kosa, nikaukosa, nikasema "iwashwe" kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Mwaka huu mambo yalizidi. Jumapili moja baba alinitazama pale mlangoni na kuniambia, "Karibu, mama," kama anavyomkaribisha mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Mama! Nikajiambia, basi, nimeshakuwa mgeni rasmi. Jumapili nyingine aliniuliza habari za dukani mara mbili katika kikombe kimoja cha chai, nikaona kwamba hata majibu yangu hayasikilizi siku hizi. Yote niliyaweka akiba moyoni.

Lililovunja chungu lilikuwa mwezi wa tatu. Nilifika bila kutarajiwa, nimebeba mapapai, nikapita upande wa dirisha. Nikamsikia baba ndani akisema, kwa sauti ileile ya miaka yote, "Jicho, nipe koleo."

Naapa, mkono wangu uliinuka. Mapapai yalikaribia kuanguka. Nilikuwa nimeshafungua kinywa niitike, nilipomsikia wifi.

"Hili hapa, baba."

Nikachungulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, juu ya vipande vyangu vinne. Baba alipokea koleo bila hata kuinua macho, kama mtu anayepokea kutoka kwa mkono aliouzoea tangu zamani. Niligeuka na mapapai yangu nikarudi nyumbani, na sikuweza kuyala. Kiti, nilijiambia, sawa, kiti ni mbao. Pistoni, sawa. Lakini jina! Kuna mtu anayenyang'anywa jina akiwa hai?

Wiki mbili baadaye alikuja dukani kwangu. Aliweka juu ya kaunta saa ya mkononi isiyo na kasoro yoyote isipokuwa betri, na betri yenyewe ilikuwa bado nzima.

"Wifi," alianza, "kuna jambo kuhusu baba nilitaka tuzungumze."

"Baba yupi?"

"Baba yetu."

"Ahaa. Baba yangu mimi namjua tangu nizaliwe. Likiwapo jambo ataniambia mwenyewe." Nikaifunika saa yake, nikamsukumia. "Saa haina ugonjwa. Usiwe unaifungua fungua."

Aliichukua ile saa, akaaga kwa adabu. Adabu yake nayo iliniudhi. Mtu mwenye makosa angalau angekuwa na mdomo.

Sasa mnaelewa filimbi.

Jumamosi ilifika. Saa tisa alasiri Dereva na Ribiti waliingia wakiwa wamevaa mashati ya kupigwa pasi, maana hawakuwa wamekutana na baba tangu injini ya sita, mwaka uliopita. "Shikamoo, wazee," nikawaamkia. "Marahaba, Jicho," wakajibu wote wawili, na nikahakikisha wifi amelisikia jina hilo. Mdogo wangu alikuwa safarini, kama kawaida. Baba alitoka amevaa koti lake la buluu la karakana, vifungo vimefungwa kombo, cha juu kimeingia tundu la chini. Nikaliweka hilo pia akiba: hata kumfunga mzee vifungo hawezi, huyu bingwa wa nta.

Injini ya saba ilikuwa katikati ya reli. Sitadanganya, ilikuwa nzuri kuliko zote. Gurudumu kubwa la mbele lilikuwa na mbavu nyembamba kama njiti za kiberiti. Mbao zilizolivika boila zilipangwa bila mwanya. Dereva alizunguka meza mara mbili akiguna kwa raha. Ribiti alipapasa ribiti za kisanduku cha moto kwa kidole gumba, akatikisa kichwa juu na chini. Hawakuiona. Macho yao yalikuwa ya wazee, na filimbi ilijificha nyuma ya dohani.

"Mimi nimepitisha," alisema Dereva.

"Nini?" alisema Ribiti.

"Nasema nimepitisha!"

"Na mimi."

Baba akasugua viganja vyake. Nilisubiri aseme, "Jicho, kagua," nikaona anatazama meza tu, anatabasamu. Kwa hiyo nilijipa amri mwenyewe. Nilitoa lenzi, nikaipangusa taratibu, nikaibana jichoni, nikainama. Nilichukua muda mrefu kwa makusudi. Nilianza na magurudumu, nikapanda kwenye silinda, nikaja kwenye pipa la maji nikahesabu pete kwa sauti. Nilitaka chumba chote kiwe kimya nitakapofika. Kilikuwa kimya.

"Wazee wangu," nikasema, nikiinuka, "injini hii ni ya wakati gani?"

"Ya mwanzo kabisa," alisema Dereva. "Si unaijua?"

"Naijua. Ndiyo maana naona ajabu. Imejifunza lini kupiga kelele?" Nikaigusa filimbi kwa ncha ya kibanio changu. "Aliyeitengeneza hakujua, au alidhani hatutaona?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa siku nane, na yalitoka vizuri kuliko nilivyoyapanga. Dereva aliinama, akaona, akatoa kicheko kikubwa. Wifi hakucheka wala hakushtuka. Macho yake hayakunitazama mimi, yalimtazama baba.

"Kosa gani?" aliuliza baba.

"Filimbi, baba."

"Filimbi ina nini?"

"Ipo."

"Sasa injini gani isiyokuwa na filimbi?" Alituangalia mmoja mmoja, bado anatabasamu, akisubiri tumweleze mzaha ulipo. "Filimbi nimeichora mimi mwenyewe."

Dereva alidhani ni utani, akampiga begani. "Wewe! Wewe uliyenifungulia injini yangu hapahapa, skrubu moja moja, kwa ajili ya filimbi? Leo unajichorea yako?"

Baba aliitazama injini. Akamtazama Dereva. Niliona tabasamu likibaki mdomoni bila mwenyewe, na mkono wake ukaanza kutembea juu ya meza, ukigusa tupa, ukigusa koleo, kama unatafuta kitu ulichokuwa nacho sasa hivi. Hata Ribiti, asiyesikia, aliacha kupapasa ribiti zake.

"Jicho," akasema baba.

"Naam, baba," nikaitika.

Hakugeuka upande wangu. Alikuwa amemgeukia wifi, amemshika pindo la kanga kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni. "Jicho, mwanangu, waambie. Si ulikuwa nami toka mdogo? Pete zile sita nani aliziona? Waambie hawa injini zina filimbi."

Chumbani hapakuwa na pa kuweka macho. Nilidhani namvua nguo wifi yangu hadharani, kumbe nguo nilizokuwa nazivuta ni za baba yangu.

Wifi alikiweka kiganja chake juu ya kile cha baba. "Kosa ni langu, baba," akasema, akiwageukia wazee. "Mchoro wa baba ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeongeza. Nitaitoa leo, tutawasha siku nyingine."

"Basi hakuna neno," alisema Dereva haraka, bila kumtazama mtu. "Hakuna neno kabisa. Chai ipo?"

Walikunywa chai wakizungumza habari za mvua. Walipoaga, Ribiti alimfunga baba vifungo upya, kimoja kimoja, akijifanya anampangusa vumbi.

Nilimkuta wifi jikoni akiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kuniita Jicho, tangu mwezi wa tatu. Mengine yalitangulia." Alifunga bomba. "Siku ya kwanza nilimsahihisha. Nikamwambia, baba, mimi si Jicho, mimi ni mkazamwana wako. Aliona aibu, wifi. Akaacha kazi, akakaa kitandani kutwa akitazama ukuta. Sikumsahihisha tena."

"Na mumeo?"

"Anasema ni uzee tu."

"Na filimbi?"

Alifuta mikono, akavuta mtoto wa meza, akanipa karatasi. Ilikuwa mchoro wa injini ya saba kwa mkono wa baba, ila mistari iliyokuwa ikinyooka kama uzi sasa ilitambaa. Juu ya boila alikuwa amechora filimbi kwa penseli, akaifuta, akaichora tena kwa nguvu zaidi. Pembeni aliandika: *Atengeneze Jicho, ana mkono mwepesi.*

"Nilijua haistahili," akasema wifi. "Hadithi ya filimbi ya Dereva amenisimulia mara ngapi sijui. Na siku ileile aliyonisimulia ndiyo siku aliyoichora. Ningemjibu nini? Nilikuja dukani kwako kuuliza."

"Ulileta saa."

"Nilileta saa ili nipate pa kuanzia."

Ningependa kusema kwamba wivu ulinitoka palepale. Haukunitoka. Kitu cha kwanza nilichowaza, na Mungu ananiona, ni kwamba hata ugonjwa wake ameujua yeye kabla yangu. Ndipo nikakumbuka dirisha, na sauti ileile ya miaka yote, na koleo. Vicheko vyote nilivyovisikia nikiwa mlangoni, kila "mwanangu", kila "hapo umepatia", vilikuwa vyangu. Vilikuwa vikipelekwa kwa mwingine kwa sababu mimi sikuwapo kuvipokea. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikalia kama sijawahi kuwa mtu mzima. Wifi hakunibembeleza. Alinipa kanga nifute uso, akarudi kwenye vikombe vyake.

Jumapili nilifika mapema. Alinifungulia mlango, na kabla sijamsalimu akanitia mkononi kisanduku kidogo cha plastiki, kama vile wanavyowekea watu meno. Ndani mlikuwa na filimbi.

"Niliitoa jana," alinong'ona. "Tangu alfajiri anaitafuta."

Baba alikuwa amepiga magoti akipapasa chini ya meza. "Imeibiwa," aliniambia. "Watu waliingia humu jana, wengi."

"Haikuibiwa, baba. Hii hapa."

Nikamwinua, nikamkalisha. Kisha nikavuta kiti cha dirishani.

"Hicho kina mwenyewe," akasema.

"Najua. Nakaa kidogo tu."

Nikatoa lenzi na bisibisi zangu za saa. Wifi alikuwa ameliziba lile tundu kwa skrubu. Nikaifungua, nikaishika filimbi kwa kibanio, nikaanza kuikaza. Baba alisogea akainamia mikono yangu, nikasikia pumzi yake shavuni, yenye harufu ya sabuni na spiriti.

"Wewe ndiye mke wa kijana wangu? Yule wa meno?"

Niliinua macho. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia, pale nilipozoea kusimama mimi.

"Ndiye mimi, baba," nikasema.

"Mkono wako si mbaya." Akaiangalia kazi yangu tena. "Lakini ungemwona Jicho! Jicho angekuwa ameshamaliza."

"Nimesikia sifa zake," nikasema, na nilimwonea wivu huyo mwanamke, wivu wa kweli.

Nilipomaliza nilichukua kiberiti. Baba akanizuia mkono kwa ukali. "Hatuwashi. Jicho hajakagua."

Niliitazama injini ya saba. Magurudumu, silinda, pete tano za pipa la maji, na juu ya boila ile filimbi iliyokuja kabla ya wakati wake.

"Ameshakagua, baba. Alipita asubuhi."

"Anasemaje?"

"Anasema iwashwe."

Basi tukawasha. Maji yalichukua dakika sita kuchemka, mvuke ukaanza kutokea kwenye dohani, na injini ikasogea, kwa kusitasita kwanza, kisha ikakubali njia. Ilipopita mbele yake baba alinyoosha kidole kimoja akauvuta ule mkono mdogo. Filimbi ikalia, sauti nyembamba kama ya birika linalotaka kuchemka. Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilizunguka mara tatu, na mara zote tatu aliiliza filimbi yake.

Halafu akanivuta karibu, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Akija Jicho, usimwambie kwamba ulikaa kwenye kiti chake. Namjua mwanangu. Ana moyo mzuri, lakini ana wivu, yule."

"Sitamwambia, baba."

"Haya," akasema. "Inakuja tena. Sasa vuta wewe."